Unga wa Maka

Fereej Bin Mahmoud, Doha
6 Februari 2011

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na Rael mke wangu anayekusomea azichukue zake hapo hapo kabla hajageuza karatasi. Goti lasemaje? Mimi mzima, ila tumbo limenitangulia. Nikisimama kulinda mlango wa hoteli, wageni hulisalimu lenyewe kwanza.

Uliuliza kama nafanya lolote kuhusu mjukuu. Nafanya. Harun, Mganda tunayekaa naye chumba kimoja, ameniletea unga wa mzizi uitwao maka, kutoka milima ya Peru. Pakiti inaahidi nguvu, damu, hamu na watoto. Nakoroga vijiko viwili kwenye maji baridi kila asubuhi. Mama, uchafu gani huu! Unanuka kama figili iliyosahauliwa ndani ya kiatu, halafu mwishoni unaleta kautamu, kama unaomba msamaha. Machozi yananitoka, na Harun anapiga makofi: "Meza, ssebo, meza bwana! Watoto hao wanashuka!"

Likizo ni Desemba. Rael, umesikia.

Mwanao,
Reuben

Mosoriot
20 Machi 2011

Mwanangu Reuben,

Salamu. Goti ni lile lile. Ng'ombe amezaa. Amezaa, Reuben, na hajala unga wa mtu.

Rael namchemshia ile dawa yangu ya mizizi kila jioni, mwaka wa tisa sasa. Siku hizi akiinusa tu anakimbilia uani kutapika. Namuuliza, ukiitapika itafanya kazi lini? Amenuna hapa na kalamu yake, lakini mimi sijui kuandika, na simu ya Phyllis jirani hukata maneno, kwa hiyo ataandika ninavyosema. Desemba ikipita bure, nimeshaongea na wazazi wa Jebet, yule mshona sweta. Ana miaka thelathini na moja na nyonga pana. Andika, Rael: nyonga pana. Ameandika.

Mamako

Doha
3 Julai 2011

Mama mpendwa,

Natumai goti limepoa. Mimi nimeachana na unga. Mwezi uliopita Harun aliongeza kijiko cha tatu, nami nikatapika mbele ya hoteli, juu ya viatu vyangu vya kazi, msimamizi akitazama. Mpishi wetu mmoja, mama wa huko huko Peru, alicheka hadi akaketi. "Kwetu ni chakula tu," akasema. "Bibi yangu huchemsha mizizi na kutupikia uji. Nani alikwambia uunywe mbichi kama adhabu?" Nikamuuliza kama unaleta watoto. "Sisi tuko saba. Jirani yetu alikula sahani zile zile, hakupata hata mmoja."

Sasa karatasi ya pili. Nikiwa nimeinama pale na ule uchafu puani, nilimwona Rael moyoni, akitapika uani kwetu. Mimi miezi mitano tu, na nilikuwa na mtu wa kunichekesha. Nilijichukia, Mama. Rael alipimwa Eldoret mwaka wa pili wa ndoa, akaambiwa hana kasoro. Mimi nikasema nitapimwa nikipata nafasi. Nafasi zilikuwepo. Nilipendelea kumeza takataka kuliko kuingia mlango wa daktari.

Wiki jana niliingia. Sina mbegu za uzazi, Mama, hata moja. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi nikiwa kijana, nikakumbuka ulivyonipaka majivu mashavuni. Mwaga hiyo dawa. Waambie kina Jebet wasingoje.

Rael, msomee yote, polepole.

Mwanao,
Reuben

Mosoriot
7 Agosti 2011

Mwanangu Reuben,

Salamu. Nimesikia habari za viatu, nimecheka hadi nikasahau goti. Lakini barua ilikuwa na karatasi mbili, na Rael amenisomea moja. Ati ya pili ni salamu. Salamu gani za karatasi nzima? Kina Jebet wanakuja Jumamosi tarehe 27.

Mamako

Reuben, hapa ni mimi. Miaka tisa nimeandika matusi ninayotukanwa kwa mkono wangu na kuyabandika stempu. Karatasi yako imenichefua kuliko ile dawa. Si kwa ugonjwa, ugonjwa haukuwa kosa lako. Ni kwamba hata hili umenitupia mimi nilitamke. Jana nilikataa kikombe kwa mara ya kwanza, na Mama alikishika hadi kikapoa. Tarehe 27, saa nne asubuhi, piga simu ya Phyllis. Nitampa Mama mkononi. Sema kwa mdomo wako, wageni wakiwepo. Nimefunga begi. Usipopiga, naenda kwa dada yangu Kabiyet.

Mkeo,
Rael

Mosoriot
4 Septemba 2011

Reuben,

Anayeandika ni Phyllis. Ulipiga saa sita. Kina Jebet walikuwa wameshakula. Uliyoniambia nimeyasikia, nikayarudia mbele yao wote. Waliondoka bila kuaga vizuri.

Rael alikaa na ile simu mapajani hadi saa tano, kisha akachukua begi lake akaenda. Baadaye Phyllis akaipokea yeye, ndiyo maana ukasikia sauti ya mtu mwingine.

Juzi nimekwenda Kabiyet na goti hili. Nilimwambia Rael nimemkosea. Alinipa chai, akanipa kiti chenye mto. Nilirudi peke yangu. Keshokutwa nitakwenda tena.

Desemba usije hapa kwanza. Anzia Kabiyet.

Mamako