Karatasi Nyekundu Kutoka Ruiru

Makongeni, Thika
Jumatatu, 19 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa pale nje unapoota jua la asubuhi, na goti lako limetulia. Msalimie mama, Mwaitu wangu. Mwambie unga wa uji alionitumia ulifika, ingawa mfuko ulipasuka njiani na binamu Rachael akashuka hapa akiwa mweupe kuanzia kichwa hadi viatu, majirani wakamuuliza kama siku hizi ameajiriwa kinuni. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula kidogo, nalala kidogo, na kazini naenda.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Wiki iliyopita nilipiga mara tatu. Kila ukipokea unaniuliza kwanza kama nimekula, nami nasema ndiyo, na maneno niliyokuwa nimeyapanga yanapotea. Rachael anakuja huko kesho kumwona shangazi, naye ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwita Mwaitu.

Mwaitu ameniambia kwamba tangu tulipomzika Nzomo, kijana wako wa bandarini, unakula vijiko viwili kisha unaisukuma sahani. Anasema umetoa yale madaftari yako ya bandarini kutoka kwenye sanduku, unakaa nayo mapajani bila kuyafungua. Aliniuliza kama najua la kukuambia. Nikamjibu kwamba sijui. Nilimdanganya.

Habari za huku ni hizi. Alhamisi hii maafisa watatu wa Mamlaka ya bandari watapanda kutoka Mombasa kuja ofisini kwetu, Eneo la Viwanda, kuchunguza lile kontena la mbaazi. Wambua unamkumbuka, mfukizaji wetu, anayetia mizigo dawa kwenye yadi ya Ruiru, yule uliyesema ana sura ya mwalimu wa kwaya. Alikamatwa, akalala ndani siku mbili, kisha ndugu zake wakamtoa kwa dhamana. Baada ya Alhamisi itajulikana kama atashtakiwa kwa kifo cha Nzomo. Ana miaka hamsini na minane. Kila anapokuja ofisini kujibu maswali anasimama mlangoni kama mgeni, na ameacha kuniita Karani. Ananiita madam.

Wengi hapa wameshamhukumu. Githinji, meneja wetu wa usafirishaji, anasema mzee alikuwa na haraka ya kwenda arusi ya mpwa wake, akapiga muhuri bila kufungua milango. Anaeleza hayo kwa sauti huku akikoroga chai, na watu wanaitikia. Bwana Uday ndiye mwenye kampuni. Anashinda ofisini kwake, na juzi alimuuliza Githinji kama Nzomo alikuwa na watoto. Githinji alisema wanne. Bwana Uday akafunga mlango.

Baba, unakumbuka ulivyonifundisha bandari kwa viberiti? Nilikuwa darasa la tano. Ulipanga viberiti mezani, ukachukua sinia ukasema hii ni meli, ukaniambia nipakie. Nilipakia ovyo, ukacheka, ukanieleza kwamba bandari ya umma ni ya nchi nzima, na kwa hiyo lazima awepo mmoja wa kuamua: meli gani itangulie gatini, geti lifungwe saa ngapi, mzigo upi ulale wapi, na mzigo wa hatari utengwe kona gani, mbali na watu. Nikauliza huyo mmoja anajuaje kilicho ndani ya kila kiberiti wakati vyote vimefungwa. Ukaniambia hajui. Anasoma karatasi. Karatasi imeandikwa na mtu wa mbali ambaye hatamwona maisha yake yote, na bandari nzima inasimama juu ya huyo mtu wa mbali.

Mimi ndiye nilikuja kuwa mtu wa mbali. Nilijivunia sana.

Kazi yetu inakwenda hivi. Mbaazi hupakiwa Thika, kontena likapelekwa yadi ya Ruiru, na Wambua akaweka dawa ya kuua wadudu. Dawa ile hutoa gesi. Milango hufungwa, na juu yake hubandikwa karatasi nyekundu yenye fuvu, kuonya kwamba mtu asiingie. Baada ya siku mbili Wambua hufungua milango, upepo ukapita ndani siku nzima, akapima, na hapo tu ndipo huibandua karatasi nyekundu na kupiga muhuri wake kwenye cheti. Cheti kikifika bandarini kikiwa na muhuri huo, kontena linapokelewa kama mzigo wa kawaida. Bila muhuri, linapelekwa ile kona yako ya mbali na kungojewa.

Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Lakini Ruiru na Thika ni mbali kwa mtu asiye na gari, na tangu kabla sijaajiriwa muhuri wa Wambua ulikuwa unakaa Thika, kwenye droo ya karani. Ijumaa tunaandaa vyeti vya wikendi nzima, tunajaza saa za kufungua milango ambazo bado hazijafika, tunapiga muhuri, na dereva anaondoka navyo Jumapili. Wambua akifungua milango, anapiga simu kusema tayari. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Tuliita kuandaa, na wakubwa hawakuwahi kuuliza.

Kuhusu Nzomo unajua zaidi yangu, kwa sababu ulimpokea akiwa kijana wa kubeba daftari, ukamfanya mkaguzi. Lakini hujui kwamba alikuwa akinipigia kila kontena letu lilipofika. Alijua mimi ni nani kwa jina tu. Alikuwa akisema, "Binti Mulei, wako amefika, hajambo," kana kwamba nimemtumia mtoto likizo. Alinitania kwamba watu wa Thika tunakula mananasi mazuri wenyewe na kuwaachia watu wa pwani picha iliyo kwenye mkebe. Niliahidi kumpelekea. Sikuwahi kumwona akiwa hai, Baba. Mara ya kwanza kuuona uso wake ilikuwa kwenye jeneza.

Asubuhi ile ya Jumanne, tarehe ishirini na tisa Aprili, alinitumia ujumbe wa sauti saa nne na dakika arobaini. Bado ninao. Anasema wako amefika, wenzake wanamwambia asubiri wamalize chai, lakini hizi ni mbaazi za binti Mulei, hazina maneno, anaingia kuchukua sampuli na kutoka. Nyuma yake mtu anacheka na kijiko kinagonga kikombe. Ni hayo tu. Wenzake walimkuta amelala juu ya magunia.

Tangu siku hiyo simu ya mezani inalia karibu na saa hiyo. Githinji akiipokea hakuna mtu. Anasema mvua imeingia kwenye nyaya, na labda ni kweli. Mimi sipokei. Huanza kusikia harufu dakika chache kabla haijalia. Wambua aliwahi kunieleza kwamba gesi ile inanuka kama kitunguu saumu kilichochanganyika na samaki aliyeharibika. Jirani yangu hapa Makongeni akikaanga kitunguu saumu natoka nje nikasimama barabarani na kandambili. Juzi nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka kwenye vidole viwili. Harufu haikuondoka, kwa sababu haipo mkononi.

Wiki jana nilitumwa Ruiru kuchukua daftari la yadi. Pale lilipokaa kontena lile nyasi zimenyauka kwa umbo lake kamili, pembe nne, kama kaburi la mtu mkubwa kupita watu wote. Yadi imejaa, makontena yamebanana, lakini hakuna dereva aliyekubali kushusha mzigo pale. Walinzi wanapita kando. Mlinzi mmoja, Nzau, aliniuliza kama leo pia nimetoka kanisani. Nilijifanya sikumsikia. Utaelewa swali lake mbele kidogo.

Sasa nije kwenye mazishi. Nilisimama nyuma ya hema la akina mama. Ulipopewa nafasi ya kusema ulivua kofia, ukasema kosa ni lako, kwa maana wewe ndiye uliyemfundisha Nzomo kuamini karatasi kuliko pua yake. Watu walikutuliza, mchungaji akakushika mkono, hukukubali. Kisha ukasema kwamba aliyeiandika karatasi ile amejificha nyuma ya muhuri, lakini ana jina alilopewa na wazazi, na siku moja atalazimika kuliandika. Uligeuka ukatazama watu wote. Macho yako yalinipita mimi, yakaenda kwa Wambua.

Baba, hukumfundisha Nzomo vibaya.

Jumamosi ile, tarehe ishirini na sita, mvua ilinyesha Ruiru tangu alfajiri. Wambua alinipigia saa mbili. Alisema, "Karani, leo sifungui, mbaazi zitalowa. Choma hicho cheti, tutaandika kingine Jumatatu." Nilimjibu kwamba nimesikia. Alienda arusini akiwa na amani, kwa sababu alikuwa amemwambia mtu aliyesoma.

Sikukichoma. Geti la meli ile, yaani mwisho wa kupokea mizigo yake, lilikuwa likifungwa Jumatatu jioni, na kontena likikosa geti lingengoja meli nyingine wiki mbili. Mwezi Machi nilikuwa nimekosesha kontena moja geti, na Githinji alinisimamisha mbele ya ofisi nzima akaniuliza kama chuoni nilisomea kusoma saa. Walicheka. Nami nilicheka nao, nikaenda kulia chooni. Nilijiambia kwamba safari ya Mombasa ni ndefu na gesi itavuja yenyewe. Nilijiambia kwamba Nzomo siku zote akifungua hungoja chai iishe. Sikufikiri kwamba angeacha kungoja kwa sababu yangu.

Dereva asingekubali kulivuta kontena lenye fuvu likiwa na cheti cha mzigo salama. Kwa hiyo Jumapili nilitoka kanisani nikaenda Ruiru na gauni langu la bluu. Nzau alinifungulia geti, akaniuliza kama nimekuja kuombea mizigo. Nilimwambia nimekuja kuhakiki namba ya kontena. Nikazunguka mpaka mlangoni na kuibandua karatasi nyekundu kwa kucha zangu. Ilikuwa imeloa, ikatoka nzima. Sikujua pa kuitupa, nikaitia ndani ya mkoba. Gundi ilishika kitambaa cha ndani na haijatoka hadi leo. Nikiingiza mkono kutafuta funguo nalikuta fuvu.

Wambua amewaambia polisi kwamba alinipigia. Waliniuliza mbele yake. Nikasema alipiga, tukazungumza habari za mvua, na mtandao ulikuwa mbaya. Hakunibishia. Aliinamisha kichwa akasema labda ni kweli, mtandao wa Ruiru ni mbaya siku za mvua. Alikuwa akinipa nafasi, Baba, na mimi nikaichukua.

Ijumaa Githinji aliniita akaniambia Alhamisi niseme tu kilichoandikwa kwenye cheti, kwa kuwa karatasi imeshasema na sisi si wa kubishana nayo. Simlaumu. Hajui ninachokijua. Hajui kwamba mwandiko wa zile saa ni wangu. Tumezoea kuandika kwa herufi kubwa zote, na mwandiko wa makarani hauna mwenyewe. Wewe ungeujua. Ungetazama saba yangu yenye mkia, uliyonifundisha mwenyewe, na ungejua.

Kesho asubuhi, kabla Rachael hajafika kwako, nitapita kwa Wambua kumwambia mbele ya mke wake. Alhamisi nitaingia mbele ya maafisa na mkoba ule. Nitaufungua mezani. Nimeogopa kwa siku ishirini, na bado naogopa. Naogopa jela. Naogopa mke wa Nzomo, aliyenishika mkono kaburini akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Lakini ninachoogopa zaidi ni wewe kuendelea kuisukuma sahani kwa kosa ambalo si lako. Nzomo aliamini karatasi kama ulivyomfundisha, na angekuwa sawa, kama aliyeiandika angekuwa mtu uliyedhani umemlea.

Sikuombi uje Alhamisi. Ukija, nitashukuru. Usipokuja, nitajua umesoma barua mpaka mwisho kama nilivyokuomba, na hilo litatosha.

Mpe Mwaitu salamu zangu na umweleze polepole, akiwa ameketi. Shangazi na watu wa nyumba ya juu wasalimie pia. Ule uji nitaupika kesho, nikirudi kutoka kwa Wambua. Kula, Baba, tafadhali.

Ulisema siku moja nitalazimika kuliandika. Ni mimi,

Janice Mukonyo Mulei