Vibandiko vya Ghorofa ya Nne

Chumbani kwangu,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Jumatatu jioni, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kutoka huku ulikoniacha. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Kile kifua chako kimetulia, au bado unakidanganya kwa maji ya moto? Mimi ni mzima wa kuonekana tu. Miguu imechoka, na leo hata moyo umechoka.

Uliuliza kazi inaendaje. Lile daftari la matukio limeondolewa, siku hizi kila mlinzi ana simu ya kampuni. Kila ghorofa wamebandika kibandiko ukutani. Ukifika unakigusisha simu, inalia, na ofisini wanajua umepita. Usipopita, jina lako linageuka jekundu. Rafiki yako Sajini anaiita mama mkwe: haikusalimii, ila inajua ulichelewa wapi.

Mwenzetu wa lango la magari anaipenda. Zamani msimamizi akikasirika naye alimwandika mtoro, sasa simu inamshuhudia. Simlaumu. Mimi nimechoka tu kuaminiwa kidogo kuliko simu ninayoibeba.

Sasa nikwambie linalonisumbua. Goti la Sajini unalijua, na lifti imekufa tangu mwaka jana. Siku moja nilimwona akishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Nikabandua vibandiko vyote vya juu, nikavibandika nyuma ya mlango wa kibanda chetu cha getini. Alikataa, nikambembeleza mpaka akakubali. Wiki sita tukafanya doria tukiwa tumekaa. Msimamizi akamsifu mbele za watu, na yule mzee akaangalia viatu vyake.

Jumamosi bomba likapasuka ghorofa ya nne, kwenye chumba cha mafaili. Maji yalimwagika tangu asubuhi, tukaja kujua jioni yalipofika ngazi za chini. Hati za watu zimekuwa uji. Simu inasema Sajini alipita pale mara saba.

Leo wamemwita ofisini. Amesema vibandiko alivihamisha yeye. Kunitaja hakunitaja. Alipotoka aliniambia, "Wewe una watoto shuleni. Nyamaza." Akanikabidhi filimbi yake, akaenda nyumbani kungoja barua. Kaka, huyu ndiye aliyenipokea kazini kwa neno lako, na amebakiza miezi minne tu astaafu.

Nami nikanyamaza kweli, mchana kutwa. Kisha msimamizi akanituma nivirudishe vibandiko mahali pake. Ngazi ni themanini na nne. Nilipumzika mara tatu, na goti langu ni zima.

Kesho saa mbili asubuhi naingia ofisini kusema ni mimi. Sikuombi ushauri, maana nakujua, utaniambia nisubiri. Nakuandikia usije ukasikia kwa mtu mwingine kwamba rafiki yako ni mwongo. Wakinifukuza, huenda nikawaleta wanangu wawili kwako muhula huu. Wanakula sana, nakwambia mapema.

Msalimie shemeji, mwambie sufuria yake bado ninayo. Shangazi naye umwambie nimepokea salamu zake. Mungu awalinde huko, tena awalinde kwa kupita mwenyewe kila chumba.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako wa getini.