Nondo wa Chumba cha Mama

Jumapili, 2 Oktoba 1983
Yule nondo karudi tena baada ya magharibi. Moja kwa moja kitandani kwa Mama! Mgongoni ana alama ya fuvu la mtu, wazi kabisa. Nilipomfunika kwa kanga akalia — ndiyo, nondo analia! — kama panya aliyebanwa. Mama kajifunika uso, anasema kaja kumchukua. Nimekasirika. Kidonda cha mguu wake hakitoshi? Nimemtia ndani ya gilasi.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimeazima kitabu cha wadudu hapo shule ninapofundisha. Wenye fuvu wapo aina tatu. Wa Afrika ana mstari mmoja chini ya bawa la mbele, huyu wetu miwili: ni wa Asia. Nilifurahi kama mtoto, hata kidonda cha Mama nikakisahau. Mrija wake wa kunyonyea mfupi, mnene. Kumbe ni mwizi — huingia kwenye mizinga kunywa asali.
Asali! Hapa nyumbani asali haiingii. Tangu sukari ya Mama ilipopanda, daktari kakataza kila kitamu.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimeinama chini ya kitanda cha Mama. Chupa tatu, mbili tupu. Asali ya Dima wa Tayyin, kule milimani. Kaka yangu Harub humletea kila Ijumaa!
Mama hata hakushtuka. Chai anakunywa bila sukari, halua hagusi, tende kaacha. Lakini asali ni dawa, anasema, imo ndani ya Qurani, itamdhuru vipi? Nimepiga kelele. Nimelia. Akanishika mkono: "Usimwambie Harub, mwanangu. Yeye anaamini ananiponya."

Alhamisi, 6 Oktoba
Daktari kasema si kidole tena cha kukatwa. Ni mguu, chini ya goti. Kesho tunampeleka hospitali Maskati. Mama kauliza atasali vipi. Nimemwambia kwa kukaa.

Ijumaa, 7 Oktoba
Tumesimama njiani kutia petroli. Mguu wa Mama uko mapajani mwangu, unanuka. Harub ndiye anayeendesha, na mpaka sasa sijamwambia.
Kashuka, kaja kufungua mlango wa Mama. Ana chupa mpya na kijiko. Macho mekundu. "Kidogo tu Mama, upate nguvu."
Nimesema, "Harub, hiyo —"
Mama kanibana mkono kwa nguvu. Kafungua mdomo kupokea kijiko. Ananitazama mimi.