Mama Mkwe Ndani ya Mtaro wa Chetambe

Kipsongo, Kitale
22 Aprili 2025

Dada Chepkosgei,

Simu ilikatika pale mama yake Jentrix alikuwa ameanguka kwa mtaro, na wewe ukaanza "Kimeli, Kimeli," sikuskia tena. Na hata isingekatika, kwa simu huwa unanikatiza kabla nimalize, ndio nimeandika nipatie Ian wa kuuza mayai akuletee. Watoto hawajambo? Mgongo ya bwana yako Nyongesa imepoa? Mimi mwili iko sawa. Ni roho tu.

Sasa hiyo mtaro. Huko Chetambe juu hakuna nyumba imebaki. Ni kilima ya mawe inaangalia Webuye, na mtaro wazee walichimba kuzunguka ngome yao, wakati wa kupigana na wazungu. Ukuta ilishaisha, imekuwa kama tuta ya viazi, na nyasi imefunika kila kitu. Watu wa kanisa yao, wenye tulienda nao hiyo matembezi, walitangulia. Mimi nikabaki nyuma kabisa, kwa sababu uliniambia nisitembee mbele ya mama mkwe. Kumbe yeye pia anabaki nyuma, hataki nimuone. Tukangojeana hivyo kilima yote. Akisimama, nasimama. Akiangalia maua, mimi naangalia ng'ombe ya watu.

Halafu nikaskia nyasi imelia, na mtu hayuko.

Nilimkuta ameketi huko chini, mguu moja imekunjika. Nikakumbuka maneno yako: usimpe mkono, usimwangalie usoni, kwao mkwe na mama mkwe hawagusani. Nikageuza mgongo.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Wa Jentrix."

  Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe wakaja kutuangalia. Kisha akasema niende niite mtu.

Nikaenda mbio. Huko mbele mzee wa kuonyesha watu mahali alikuwa anaeleza vita, na watu wametulia kabisa. Wewe unanijua. Sikuweza kukata mzee maneno. Nikainua mkono, kama shule. Akasema kijana ana swali, wote wakageuka, na kichwa yangu ikakauka. Kitu ilikuja kwa mdomo ni ile nilikuwa nawaza tangu tupande. Nikauliza, "Hao watu wote wakijifungia hapa ndani, mama mkwe alikuwa anajificha wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee akasema hiyo hajawahi ulizwa. Dancan, yule ameoa dada mkubwa ya Jentrix, alikuwa ameshika magoti hawezi kupumua. Ndio nikasema, "Kwa sababu wetu yuko kwa mtaro."

Kicheko ikaisha hapo. Dancan akaruka ndani, akamshika kiuno, akamtoa. Baba Jentrix hakuniangalia. Tukishuka akasema tu, si kwangu, kwa hewa, ati kuna kijana anaacha mke wa mtu kwa shimo anaenda kuuliza maswali. Sasa Jentrix hashiki simu. Na wazee wetu walikuwa waende kwao Jumamosi kuongea mambo ya ndoa. Waende ama wasiende? Mimi nilifanya vile ulisema.

Ndugu yako,
Kimeli


Kamukuywa
25 Aprili 2025

Kimeli,

Sisi wazima, mgongo imepoa, watoto wanasumbua vizuri. Salamu imeisha hapo. Sasa niskize.

Nilikuambia usimpe mkono wa salamu. Mtu akiwa ndani ya shimo hasalimiwi, anatolewa. Na nilikuambia hivyo kwa sababu wewe ukiona haya unashika mkono ya mtu unasahau kuachilia. Tena wewe hujakuwa mkwe. Hakuna ng'ombe imetoka kwetu, hakuna mzee amekaa. Huko kilimani ulikuwa mgeni, na mgeni anavuta mtu. Nani alikutuma uanze ukwe peke yako?

Hapa siwezi enda kusaga unga. Mama yake Nyongesa ananiambia mbele ya watu, ati nyinyi watu wa mlimani, mtu akianguka mnangoja kwanza baraza. Na mimi nimeolewa hapa nikijikaza mpaka wakasahau natoka Kapsokwony. Umewakumbusha.

Baba Jentrix amekataa wazee wasije Jumamosi. Watakaa wao wenyewe kwanza, Jumapili ya wiki ijayo, waamue kama hii maneno inaendelea ama inazikwa. Kwetu tumeitwa mimi na Nyongesa peke yetu. Mpaka hapo usikuje huku, usisumbue msichana, na tafadhali usiinue mkono mahali popote.

Dada yako aliyechoka,
Chepkosgei


Kipsongo
28 Aprili 2025

Dada,

Habari ya huko na poleni na hiyo kuchekwa. Huku mvua, lakini kazi ya kupakia mahindi iko.

Nimebeba magunia nikifikiria, na mimi pia nimechoka. Kama mimi si mkwe, mbona kwa gari walinikalisha nyuma mbali na mama? Mbona chakula yangu ililetwa na mtoto, mama akiwa amegeukia upande ingine? Kwa kula mimi ni mkwe, kwa shimo mimi ni mgeni. Nyinyi mnataka mtu afanye nini?

Na kuna kitu hakuna mtu ameuliza. Nilipomwambia ni mimi wa Jentrix, hakusema nivute. Mgongo yangu ilikuwa kwake lakini masikio haikuwa. Nilimskia anavuta leso anajifunika. Ndio akasema niite mtu.

Jentrix amepiga jana. Nikamuuliza kama tutaoana kivyetu wakikataa. Akasema yeye hatatoroka na mtu, anataka kutoka kwao mchana na watu wakiimba. Nikauliza mama anasemaje. Ati anakanda mguu tu.

Dada, unajua vile naongea na watu. Huyu ndiye mtu pekee ananingoja nimalize. Wakimkataza, mimi sitaweza kuanza tena na mwingine. Uwaambie hivyo, wewe unaweza.

Ndugu yako,
Kimeli


Kamukuywa
5 Mei 2025

Kimeli,

Natumai mvua haijakubeba. Sisi tuko, lakini kichwa inaniuma tangu jana.

Tulienda. Baba Jentrix alisema hawezi peana msichana kwa mtu anageuzia nyumba yake mgongo. Dancan akarudia hadithi yote na mikono, mpaka na ile swali yako, watu wakacheka upya. Nyongesa akajaribu kukutetea, nusu ya maneno ikamezwa na chai. Mimi nikasema ile uliniambia, ya kungojwa umalize. Mzee mmoja akaitisha sukari.

Hapo ndio mama yake Jentrix akauliza kutoka jikoni, hata hakutokea, "Huyo kijana nani alimfundisha kugeuka?"

Nikasimama. Nikasema ni mimi. Nilijua nimekwisha.

Akasema, "Na Dancan alifundishwa na nani?"

Dancan akaweka kikombe chini pole pole. Baba Jentrix akauliza kwani angetaka aachwe huko. Tukaskia sufuria tu. Kikao ikavunjika bila jibu. Saa hii Dancan anazunguka akisema ameokoa mtu na sasa ati anatakiwa kuleta mbuzi ya kuomba msamaha kwa kumshika mama mkwe. Baba anasema asilete, na mama haongei na Dancan. Umegawanya boma ya watu na hujaingia hata sebuleni.

Mguu bado imefura. Alhamisi watamleta Kitale apigwe picha. Nimekujua, utataka kwenda hospitali usimame kwa kona na ndizi. Usiende. Nimesema usiende. Kaa kwa nyumba yako siku hiyo yote, usiharibu hii kidogo imebaki.

Dada yako,
Chepkosgei


Kipsongo
8 Mei 2025

Dada,

Salamu nyingi, ya haraka. Nimekaa kwa nyumba vile ulisema, na hiyo ndio shida.

Jentrix amepiga sasa hivi. Mguu haijavunjika, wamefunga bandeji. Wakati wa kurudi mvua imewakuta hapa juu, gari imekwama kwa matope, na mama hawezi kusimama. Hakuna mahali ya kumkalisha karibu isipokuwa kwangu. Jentrix anasema baba alikataa kabisa. Nikaskia mama mwenyewe kwa simu, huko nyuma, anamwambia mzee wake:

"Mwambieni mkwe wangu atoke, niingie."

Hakusema huyo kijana. Nilimwambia Jentrix arudie, akarudia. Nikaskia baba akisema haya basi, twende kwa mkwe, na sauti ya mtu amechoka kuliko wewe.

Chai iko kwa jiko. Kiti moja nimepanguza, kitanda nimefunika na ile shuka yako. Hii barua naachia Rahab jirani, yeye ndiye atamshika mkono mama amwingize, atampatia Ian kesho. Baba nitamsalimia huko nje kwa mvua.

Lakini nyumba ni chumba moja na mlango moja, na nimeskia wanauliza watoto ni mlango gani. Wacha nitoke na dirisha, dada, kwa sababu mama mkwe wangu ako hapo nje na mimi bado niko ndani.

Ndugu yako,
Kimeli