Jina Ambalo Baba Hakulisoma

Karakana ya Balbir Singh,
S.L.P. 71,
Arusha, Tanganyika.
9 Septemba, 1957.

Mpendwa kaka Lemayian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona kabisa. Huku tu wazima wa mwili. Mahindi ya mama kule juu ya Sekei yameshavunwa, na dada yetu Naeku amejifungua salama, mtoto wa kike. Habari njema nimezitanguliza kwa kuwa zilizobaki si njema.

Unakumbuka tulivyofaulu pamoja, tukaitwa Makerere sote wawili. Wewe ukaenda, mimi nikakataa. Hakuna aliyenilazimisha. Likizo ile nilikuwa nimemwona Balbir Singh akiunga ngazi ya mvule bila msumari hata mmoja, nikajua kazi yangu ni ile. Nilipomwambia baba kwamba nataka kujifunza useremala, alinijibu mbele yako, “Nimekutoa malishoni ukasome, leo unakwenda kumfagilia Kalasinga vumbi la mbao?”

Nawe, kaka, ulitazama viatu vyako vipya. Tangu siku ile baba hajanisemesha.

Mwaka wa kwanza nilifagia kweli. Mwaka wa pili nikapewa randa ya kulainishia mbao. Sasa napima, nachora na kukata bila kusimamiwa, na nimepanga chumba Daraja Mbili. Sijuti. Ila sikudhani mtu anaweza kuchagua kazi ya halali akahesabiwa kama aliyekufa.

Mwaka huu mtaa wetu ulijenga kanisa jipya la mawe, na kazi ya paa akapewa Balbir Singh. Goti lake halimruhusu tena kupanda juu, basi akaniachia mimi. Kenchi zote nane za kubeba paa nilizichora kwa mkono wangu, nikazikata kwa mbao za mtarakwa, nikapanda na wenzangu wawili kuzisimamisha. Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, alikuja kila asubuhi kukagua. Wenzangu wawili aliwasalimu kwa majina. Mimi alinipita kama nguzo.

Kanisa lilifunguliwa Jumapili ya tarehe kumi na nane Agosti. Watu walijaa hadi nje. Baba alisimama kusoma majina ya kushukuriwa. Alisoma waliopasua mawe, akasoma akina mama waliobeba maji kutoka mtoni, akamsoma Balbir Singh “na watu wake.” Kisha akatoa barua yako mfukoni. Aliisoma yote, kaka, yale uliyoandika juu ya masomo yako na profesa anayekusifu, na watu wakapiga makofi chini ya paa langu.

Ndipo mama akasimama. Unamjua mama, hajawahi kusema neno kanisani. Alisema bila kupaza sauti, “Umesahau jina moja. Paa hili limeezekwa na Lekishon, mwanao.”

Baba akamwambia, “Keti, mama Lemayian.”

Mama akajibu, “Mimi ni mama wa Lekishon pia.” Hakuketi. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka, tukaimba, naye mama akabaki amesimama mpaka ibada ikaisha. Hii ni wiki ya tatu baba haongei naye, wala hali chakula alichopika. Anakula kwa Naeku.

Sasa nikuambie jambo nililokuwa nikilijua siku ile. Mwezi wa sita Kuldip, mpwa wake Balbir Singh, alikwenda Kampala harusini. Aliingia duka moja la nguo, akakukuta nyuma ya kaunta ukipima kitambaa. Alikukumbuka kwa sababu ulikuja karakana kuniaga. Ulimwambia umeacha chuo tangu mwaka juzi, ukamsihi asimwambie mtu. Amenieleza mimi tu, nami nimekutumia barua hii kwa anwani ya dukani.

Kazi ya duka si aibu. Ungeniandikia mimi, kati ya watu wote, ningekuelewa. Lakini wewe uliendelea kumtungia baba maprofesa, naye akawa ananipiga kwa barua zako mwaka baada ya mwaka. Pale kanisani neno moja tu lingetosha kumnyamazisha. Sikulisema. Usidhani ni wema. Nilishindwa kumwona baba akivunjika mbele ya watu, hata baba aliyenikana.

Kaka, baba ameshashonesha koti. Mwezi wa tatu anakuja kukuona ukihitimu. Ameulizia basi la Nairobi na treni ya kutoka huko hadi Kampala, na kila anayekutana naye njiani anamwambia.

Mwandikie kabla ya Krismasi, kwa mkono wako, ukweli wote. Mimi sitakusemea. Najua atakulilia, na nakiri inaniuma, maana mimi hakunililia.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri. Naeku anakusalimu, na Balbir Singh pia. Mungu akupe ujasiri wa kushika kalamu, na akutunze huko uliko.

Usipoandika, nitaomba ruhusa kazini nipande basi lilelile. Nitakaa kiti cha nyuma, hata kama hatanisemesha kutoka hapa mpaka Kampala. Sitamwacha afike mlangoni pako peke yake.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata leo ingawa kwa shida,

Lekishon