Mvushaji Mnene

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ungeanza na shikamoo. Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mguu wa Baba umepungua uvimbe, mkono wa kulia bado umelala, na kusema bado hasemi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ile ile: simu humtia Baba uchungu, anasikia sauti yako na hawezi kuijibu, lakini barua anaishika, na nikimaliza kumsomea anaikunja mwenyewe kwa mkono mmoja.

Duka linakwenda. Mbele nauza madaftari na kalamu, mashine ya fotokopi inalia kutwa, na nyuma meza za karata bado zipo. Ila wachezaji wanapukutika. Mchezo wa karata wa kampuni yenu, Ng'ambo, unataka kila mtu awe na Mvushaji kwenye seti yake, maana bila Mvushaji watu wako wanabaki upande huu wa mto na umefungwa kabla hujaanza. Sasa nani anaye? Baba anaye mmoja, mwalimu wa hesabu anaye mmoja. Basi. Wengine wanafungua pakiti mpaka vidole vinauma, hawamwoni.

Wewe ndiye mwenye ofisi inayopanga nini kitiwe kwenye pakiti. Waambie wakubwa wako wamchape tena, na wauze seti kamili kwenye boksi ambalo mtu anaona anachonunua. Hii ya sasa ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Meza hii ndiyo kitu pekee kilichobaki cha Baba. Akikaa hapo ni mtu mzima anayecheza na watu. Akiondoka hapo ni mgonjwa. Wachezaji wakiisha, sijui nitamweka wapi.

Mchezo wako na Baba mliouacha siku unasafiri bado umetandikwa meza ya kona, na hakuna anayeruhusiwa kuweka hata kikombe. Karata zake za mkononi anazihifadhi kwenye mfuko wa shati. Amecheza Bawabu. Zamu yako.

Kaka yako

*

2 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo hata hivyo. Huwezi kuidaka heshima yangu hewani. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanifundisha adabu. Mpe Baba salamu, mwambie nimeona Bawabu wake na sikushtuka.

Nimelipeleka neno lako kikaoni. Kaka, ungekuwepo ungecheka halafu ungelia. Tulikaa kwenye chumba cha kioo, na mkuu wa mauzo akasema mtu akijua kilichomo kwenye pakiti hanunui ya pili. Nikamuuliza, je, asipopata anachohitaji ataendelea kucheza? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mawingu. Halafu akaingia wa upande wa wakusanyaji, wale wanaofungia karata kwenye makasha na hawazichezi kabisa. Alisema tukimchapa Mvushaji upya, wa zamani atashuka thamani, nao watatususa.

Katika meza nzima hakuna aliyewahi kucheza Ng'ambo mpaka mwisho isipokuwa mimi. Wengine wanaijua kwa takwimu.

Lakini sijakata tamaa, nimepewa nafasi ya kuandaa pendekezo. Mimi ni mtoto wa yule mzee aliyetukatia karata za kwanza kutoka kwenye maboksi ya sabuni, na nikashika kazi hii kwa ajili ya zile karata. Nisipoweza hili, nilikuja kufanya nini huku?

Nacheza Mpiga Filimbi.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako Baba kaisikiliza akiwa amefumba macho, na hapo pa bei ya mawingu bega lake lilitikisika. Hicho ndicho kicheko chake siku hizi, tukipokee.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na wakusanyaji. Wapewe za kumetameta, za dhahabu, watakazo wenyewe. Lakini karata ambayo bila hiyo mchezo hausimami, hiyo isifichwe. Ichapwe kila inapopungua, kama chumvi dukani.

Juzi binti mmoja wa sekondari alinunua pakiti kwa hela aliyotunza, akazifungulia hapo hapo kaunta. Alipofika ya mwisho hakulia, alizipanga vizuri, akaniuliza kama nina ndoo ya taka. Nilijaribu kumtolea Mvushaji kwa fotokopi, lakini karatasi ilikuwa laini, kidole kinaitambua kabla ya jicho, na wenzake walimcheka. Hajarudi.

Wamebaki mwalimu na yule fundi baiskeli, Pancha. Unamkumbuka Pancha, anayeongea kuliko redio. Hana Mvushaji, anacheza akijua atafungwa, ili tu Baba apate mtu wa kukaa mbele yake.

Baba amecheza Mhunzi, na akakitazama kiti chako. Fanya haraka.

Kaka yako

*

11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, nilikuwa nahangaika. Mko wazima? Baba anakula?

Wamekubali. Nimeandika neno hilo mwenyewe na bado siliamini. Mvushaji anachapwa upya, na ataingia kwenye kila boksi la seti, waziwazi, picha yake iko kwenye kifuniko. Hakuna tena gunia.

Wakusanyaji walikuwa wameweka ngumu mpaka dakika ya mwisho, ndipo nikapata wazo lililotuokoa. Nilisema toleo jipya lichapwe kwenye karatasi nene zaidi. Kwa hiyo mtu yeyote akiishika atajua hii ni mpya na ile ni ya zamani, na ya zamani haitapoteza heshima yake. Uso ni ule ule, mgongo ni ule ule, unene tu. Mkuu wa mauzo alinipa mkono. Nilitoka pale nikaingia chooni nikalia kwa furaha, kaka, sikufichi.

Nitakutumia katoni nzima kabla hazijafika madukani, uwagawie wote, na yule binti wa sekondari mtafute. Mwambie Baba nacheza Mpishi, na ajiandae kupokea wageni.

Mdogo wako mwenye furaha

*

30 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia siku hii hii niliyopata barua yako. Salamu zitafuata.

Wazuie. Ng'ambo inachezwa kwa kuchanga karata na kuzikata. Ukiweka karata moja nene katikati ya nyembamba, mtu akikata, seti inakatika hapo hapo ilipo nene. Kila mtu atajua Mvushaji yuko wapi. Ukiitia kwenye kifuko cha plastiki cha kuikinga ndiyo inatuna zaidi. Hakuna atakayekubali kucheza na mtu mwenye karata hiyo, ni sawa na kucheza na mwenye kioo nyuma ya kichwa chako.

Hili ungeliona hata usingizini zamani. Umekaa mno na watu wa takwimu. Sikulaumu, nakuomba tu ukimbie, kama mitambo haijaanza uiwahi.

Baba sijamsomea sehemu ya unene. Nimemwambia Mvushaji anakuja, akapiga meza mara mbili. Amecheza Mlinda Ghala na amebakiwa na karata moja mfukoni. Wewe na mimi tunaijua ni ipi.

Kaka yako

*

8 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, maana nimesubiri jibu na badala yake imekuja katoni.

Baba aliifungua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na meno. Nilikuwa nimemwita mwalimu, Pancha, na yule binti naye nikampata kwao. Kila mmoja akatia Mvushaji wake kwenye seti. Pancha akachanga, akampa Baba akate. Ikakatika kwa Mvushaji. Wakacheka. Akachanga tena, akamwambia, "Mzee, kata chini zaidi." Ikakatika kwa Mvushaji. Pancha akasema jamaa amenenepa kwa kula wasafiri wake. Safari hii aliyecheka ni yeye peke yake. Binti akatoa karata ile kwenye seti yake, akaniwekea kaunta, akaaga kwa adabu.

Kesho yake nilimkuta Baba na wembe. Kama alivyokuwa akitukatia maboksi, ndivyo alivyokuwa akimchuna Mvushaji kwa nyuma, tabaka kwa tabaka, ampunguze awe sawa na wenzake. Karata aliibana kwa kiwiko cha ule mkono uliolala. Ilijikunja, uso ukachanika. Akachukua nyingine. Nilitaka kumnyang'anya wembe nikashindwa, nikakaa naye. Ameharibu karibu katoni nzima, na hakuna hata moja iliyolingana.

Sikuandikii ili nikuumize. Lakini wewe ndiye uliyetaka kujua habari zake.

Kaka yako

*

19 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Sina afya ya kukusimulia.

Barua yako ya Juni niliipata mitambo imeshazimwa na maboksi yako kwenye malori. Niliisoma nimesimama, nikaona mara moja. Mara moja, kaka, kitu ambacho sikukiona kwa miezi. Nilikuwa nimeifikiria karata inayotazamwa, nikasahau inayoshikwa. Badala ya kukujibu nilimwendea mkuu wa mauzo, akasema tusubiri soko liseme.

Soko limesema. Maboksi yamerudi. Jana kikaoni wameandika kwamba imethibitika wachezaji hawataki karata za kuchapwa upya, kwa hiyo hakuna karata itakayochapwa tena, na pakiti zitabaki za kufungwa. Pendekezo langu ndilo limekuwa ushahidi. Nilijaribu kueleza habari ya unene, wakaniambia, "Unene ulikuwa wazo lako." Kweli lilikuwa langu. Na sasa kwa kuwa mpya imeshindwa, wakusanyaji wanazitafuta zile nyembamba za zamani kwa bei ya kichaa. Kila siku bei inapanda.

Naomba mwambie Baba kitu kimoja tu. Nimebakiwa na karata moja ya mkononi, Mafuriko, na ninaicheza. Mto umejaa, daraja hakuna. Kitu kimoja tu kinaweza kuwavusha watu wake, nacho kiko mfukoni mwake tangu siku niliyoondoka. Sijakosea hesabu, kaka, nimemchezea ashinde. Unakumbuka alivyokuwa akimwambia aliyeishiwa karata, "Mkono mtupu haulambwi," kisha anakusanya meza yote akicheka? Nataka apate hicho, hata kama hawezi kukisema. Niandikie alivyocheka.

Mdogo wako

*

14 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo.

Ningekuandikia mapema, nikawa natafuta namna, na namna haikupatikana. Wiki chache baada ya barua yangu ya Oktoba, Baba alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa Mvushaji wake mwembamba, akamwekea Pancha mkononi na kumfunga vidole. Pancha alikataa, Baba akamkazia macho. Kwa hiyo mwalimu anaye na Pancha anaye, na meza ikapata watu wawili wanaocheza sawasawa. Baba alikaa pembeni akitazama. Zilikuwa siku nzuri, nilidhani tumepona, ndiyo maana sikukuambia kuwa ameitoa karata ya mchezo wenu. Nilijua atarudishiwa zamu ikifika.

Kisha Pancha hakuja. Nilimfuata kibandani kwake. Aliniambia kabla sijauliza, na kwa mara ya kwanza maneno yalimwia machache. Mkusanyaji alipita, akataja bei, na mke wa Pancha alikuwa hospitali. Alisema, "Kaka, ningekuwa mtu gani nikikataa?" Mwalimu amebaki na Mvushaji wake na hana wa kucheza naye. Mwezi ujao mahali pa meza za nyuma naweka mashine ya pili ya fotokopi.

Barua yako nimemsomea Baba jana, kwenye meza ya kona. Nilitaka kuruka pale pa Mafuriko, lakini anaijua barua inapokatwa. Nikaisoma yote. Nikakuwekea Mafuriko yako mahali pake.

Akafikiri kidogo, kama anavyofikiri. Akatia mkono mfukoni. Akautafuta mfuko mpaka pembeni, akahamia mfuko mwingine, akarudi ule wa kwanza. Kisha akautoa mkono na kuulaza wazi mezani, kiganja juu, mahali ambapo karata hulazwa. Akaniangalia niandike.

Nimeandika kama alivyocheza. Zamu yako.

Kaka yako