Nilisema: Mutoto Wangu

Kadutu, Bukavu, tarehe 11 Agosti 1957

Yaya Grégoire, ndugu yangu mukubwa mupenzi,

Nakusalimia wewe na muke wako Maman Eulalie, pamoja na wote wanaolala na kuamka katika nyumba yenu kule Kamituga. Kifua chako kinasemaje? Kile kikohozi cha vumbi la mine ya dhahabu kimepungua, ao bado unamuambia infirmier wa hospitali kwamba uko muzima, halafu unaenda kukohoa nyuma ya nyumba? Na Maman Eulalie, mugongo umemuacha kidogo? Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Adolphine anawasalimu sana. Kitenge utakachokuta ndani ya kifurushi ni chake kwa Maman Eulalie, na amesema asikiweke sandukuni kungojea Noeli, akivae.

Barua hii inakuja na Lucien wako mwenyewe, uliyetuachia asome huku, na kama kila likizo ni yeye atakusomea, sababu wewe uliacha masomo kabla masomo hayajakuacha, kama unavyopenda kujisifu. Basi Lucien, kaa penye mwanga, usimeze maneno kama ugali wa moto. Papa yako asikie yote. Nakuomba sana: yote, mpaka jina langu pale chini.

Uliniuliza kama Cercle yetu ya Hesabu bado inaishi, ile unayoiita misa ya pili ya Honoré. Inaishi, yaya. Kila Siku ya Mungu, watu wakitoka kanisani, Mapadri wanatuachia ile chumba ya nyuma ya paroisse. Bati lake linavuja, na mvua ikinyesha tunasukumana wote upande mumoja. Wanakuja watoto wa Cimpunda, wa Kadutu yote, wengine viatu hawana, lakini uwaambie gawanya hii kwa hii, utaona macho. Wanagombania chaki kama wengine wanavyogombania nyama. Mimi ambaye siku zingine ni karani tu katika magasin ya Mugiriki, nahesabu mabeseni na misumari, siku ile naitwa Mualimu. Usicheke. Ni tamu sana kuitwa Mualimu na watoto ambao hakuna mutu amewalazimisha kuja.

Na kati yao wote, yaya, Lucien. Nilikuwa nakuambia kila mara na wewe unadhani namusifu sababu nakula kuku zako. Hapana. Pascal wangu ana akili nzuri, anafanya bidii, ukimuonyesha njia anaifuata mpaka mwisho. Lakini Lucien haonyeshwi njia. Anakaa kimya, anauma ukucha, halafu anatokea mahali ambapo mimi mwenyewe sikujua kama kuna mulango.

Sasa nikueleze juu ya ile Siku ya Mungu ya mwezi wa sita, Père Directeur wa collège, ile shule kubwa ya Wazungu, alipotutembelea. Ulisikia tu mwisho wake, mwanzo hukuusikia. Alikuwa amepata habari za Cercle, na collège, kama unavyojua, imeanza kupokea watoto wetu, lakini kwa kubana. Katika Kadutu yote nafasi ilikuwa moja. Alisema atawapa watoto hesabu moja tu, na yule atakayeiweza ndiye atakuwa wake mwezi wa tisa.

Akawaambia: mama mumoja ametoka Kavumu na kikapo cha maharagi, anakwenda Bukavu. Katika njia anapita kwa ndugu zake watatu. Kwa kila mumoja anaacha nusu ya maharagi aliyo nayo, halafu anaongeza kopo moja ya heshima. Akifika Bukavu, amebaki na kopo moja. Alitoka Kavumu na makopo mangapi? Watoto wakacheka, sababu kila mumoja ana shangazi wa namna ile. Halafu wakainamia vibao vyao.

Pascal alijaribu namba moja, akafuta, akajaribu ingine, akafuta. Kibao chake kikawa cheupe kama uso wa mutu aliyeanguka katika unga. Lucien hakuandika kitu kwanza. Aliweka kidole pembeni ya kibao, akapafanya Bukavu, ku kopo moja lile, akaanza kurudi nyuma. Aliongeza ile kopo ya heshima, akazidisha mara mbili. Akarudi tena, akarudi tena, mpaka akafika Kavumu na makopo yake ishirini na mbili, akaandika namba ile, akafunika kibao chake tumboni. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kichwani ile njia ya collège, yenye x, na nilikuwa bado nimekwama kwa ndugu wa pili.

Mvua ikaanza. Nikakusanya vibao, watoto wakakimbilia chini ya paa la mbele. Père Directeur alikuwa anavaa koti lake, pikipiki inamungoja, akaniuliza kwa Kifaransa nani ameweza. Nikamujibu kwa furaha, kifua mbele: « C'est mon enfant, mon Père. » Ni mutoto wangu.

Yaya, haki ya Mungu, wakati neno lile linatoka mudomoni nilikuwa namutazama Lucien. Kwetu Bushi mutoto wa yaya wangu ni nani kama si mutoto wangu? Anakula ku chungu kimoja na Pascal, anachapwa na fimbo ile ile. Sikuwa na neno lingine. Lakini Mzungu yule anamujua Pascal, anamuona kila asubuyi anatumikia misa, anajua ni mutoto wa Honoré. Akatoka nje, akaweka mukono juu ya kichwa cha Pascal, akasema hongera, watoto wote wakapiga makofi, Lucien naye akapiga.

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mudomo. Ilikuwa neno moja tu: hapana, mon Père, ule mwingine. Nikaona Pascal anavyocheka. Nikaona mimi nitakavyopita mu cité, watu wanasema ndiye huyu baba ya mutoto wa collège. Nikacheka nami. Pikipiki ikaondoka.

Umeona sasa, yaya. Ile kuku uliyotuma kumupongeza Pascal, tuliila. Ule ujumbe ulioutuma, kwamba kama nafasi imekwisha basi Lucien arudi, umemuongelea kwa kapita, musimamizi wa mine, aanze kazi ya kuosha mchanga wa dhahabu, niliusikia na nikasema sawa. Nilisema sawa! Mutoto wako anakuja kusimama ndani ya maji baridi kutwa nzima, apate kifua kama chako, sababu mimi nilicheka mahali pa kusema.

Ningetaka kusema yameishia hapo. Hayaishii.

Siku ile ile, wenzake walipokwenda, Lucien alinifuata akaniuliza pole pole kama namba yake ilikuwa mbaya. Hakuuliza kwa wivu. Alitaka kujua tu amekosea wapi. Na mimi, Mualimu, nikamuambia namba ilikuwa nzuri kwa bahati, lakini njia yake si njia ya hesabu. Nikamuambia mutu wa hesabu anaanza mwanzo, haanzi mwisho na kurudi kinyumenyume kama mwizi anayefuta nyayo. Alitikisa kichwa, akasema asante, papa. Asante! Tangu siku ile, Cercle ikikutana, anangoja kwanza Pascal aanze, ndipo anaandika. Kidole chake hakitembei tena.

Na kuna hili ambalo lilinishinda kabisa kulala. Pascal aliingiwa na woga kwamba ku collège watamuuliza ile hesabu ya maharagi na hataiweza. Akamuomba nani amufundishe? Wiki nzima niliwaona wawili uani, chini ya kamba ya nguo, Lucien anamufundisha Pascal kwa moyo wote, lakini kwa ile njia yangu ya x, sababu yake niliisema mbaya. Anakwama, anaanza tena, anamuambia Pascal usiogope, utaingia, utatuletea sifa. Mimi nilikuwa mulangoni na kikombe cha chai mukononi. Aibu niliyoisikia, yaya, sijui kuiandika.

Usiku ule nilimuambia Adolphine. Nilidhani atamutetea Pascal, yeye aliyemuzaa. Alikuwa anachagua mchele. Aliweka sinia chini, akaniuliza kama Lucien amekuwa mugeni katika nyumba yake tangu lini. Halafu akarudilia mchele wake, na kesho yake alisema neno moja tu: nenda.

Nikaenda collège. Père Directeur alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamuambia mutoto aliyeweza ile hesabu si Pascal. Akashangaa, akasema lakini wewe ulisema mutoto wako. Nikasema ndiyo mon Père, ni mutoto wangu pia. Akakunja uso. Akaniuliza nimemuzaa? Nikasema yaya wangu ndiye amemuzaa. Basi, akasema, si mutoto wako, ni neveu wako, mutoto wa ndugu tu, na wewe ni oncle wake, useme hivyo, usinichanganye. Akanitaka nirudilie. Nikarudilia: ni neveu wangu. Si mutoto wangu.

Ona mambo haya. Siku nilimuita mutoto wangu, nilimuibia. Siku nilitaka kumurudishia, nikalazimishwa kumukana. Nilitoka pale mudomo unaniwasha.

Lakini Père alikubali, yaya, sikia vizuri hapa. Nafasi haijakwisha. Hataki tena neno langu, na ana haki. Anataka kumuona Lucien mwenyewe mbele ya tableau, ule ubao mukubwa wa chaki, na anataka kumuona baba yake aliyemuzaa, si mwingine, Siku ya Kwanza ya mwisho ya mwezi huu, ile inayofuata Siku ya Mungu, tarehe 26, asubuyi. Mukikosa siku ile, atamuita mutoto wa paroisse ingine. Basi nakupigia magoti: omba ruhusa ku mine, nenda kwa kapita umuambie ile kazi hapana, mupande camion, mushuke kwangu. Kama hutaki kulala kwangu, nitaelewa, Mapadri wana nyumba ya wageni.

Utaniuliza kwa nini sikumuambia Lucien yeye mwenyewe. Leo yote nimejaribu. Nimemuita mara moja chini ya ile kamba ya nguo, akaja mbio, akasimama mbele yangu, na mimi nikamuambia asisahau kufunga dirisha. Mudomo uliosema uongo bila shida, kwa ukweli umekuwa mbao. Saa hii wako ndani na Pascal juu ya mukeka mumoja, wanacheka juu ya kitu, sijui nini. Pascal bado hajui. Kesho camion ikiondoka tu, nitamukalisha chini na kumueleza. Saa hii unaposomewa maneno haya, naye amekwisha kulia.

Na sasa Lucien. Najua tangu pale pa mvua sauti yako imebadilika, na papa yako amekutazama, na pengine ameomba uendelee na wewe hutaki. Nimekupa mzigo mubaya, nimekufanya usome kwa mudomo wako wizi niliokufanyia. Nisamehe na hili pia. Lakini nilitaka papa yako alisikie neno hili kutoka kwako na wewe ulisikie mbele yake, nisiwe na namna ya kulipunguza.

Sikia, kijana. Njia yako ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwangu. Nilikuwa nimekwama kwa ndugu wa pili na wewe ulikuwa umekwisha kufika Kavumu. Siku ile mbele ya tableau usishike ile x niliyokupa. Weka kidole mahali mambo yameishia, urudi nyuma. Mimi mwenyewe ndivyo nimefanya katika barua hii, kutoka mwisho muliousikia mpaka wizi wangu, na nimejifunza kwako.

Yaya, kama hasira imekupanda, na ipande, ni haki yako. Uitoe kwangu, usimutolee Pascal, yeye hakuiba. Maman Eulalie mumuambie nampigia goti. Watani wako wa mine wasalimie, wale waliokuwa wananiita Bwana Kalamu. Adolphine amesema ameweka godoro jipya la wageni wawili, na hasikii sababu yoyote. Tunawangojea.

Lucien, hapa chini, mbele ya jina langu, nimeacha nafasi. Sikuweza kuandika kitu. Père amenifundisha neno lake, oncle. Na wewe tangu ukiwa mudogo ulikuwa unaniita papa. Soma lile unaloona nastahili, kwa sauti, papa yako asikie. Na kama hakuna hata moja, basi soma jina tu.

.................... wako,

Honoré